Tundu la Bambo

Inspekta Koleo alichanika kidole saa tatu na robo asubuhi, kwenye bati la mlango wa ghala la karanga, na kiwanda kizima hakikuwa na plasta ya kumpa.

Sanduku la huduma ya kwanza lilikuwepo. Lilitundikwa ukutani, jeupe, na msalaba wake mwekundu. Ndani mlikuwa na mkasi, kipande cha pamba, na mzoga wa panya mdogo aliyekauka hadi akawa mwepesi kama jani.

"Plasta hazikai humo," alisema mlinzi wa ghala, kana kwamba panya hakumwona. "Bibi Bambo anazila."

"Anazila?"

"Namna ya kusema, afande. Tukijaza Jumatatu, ikifika Alhamisi huoni hata moja. Na mikononi hana mkwaruzo. Sisi tulidhani anauza."

Koleo alikifunga kidole kwa leso. Jina hilo la Koleo hakupewa na wazazi wake. Wenzake kituoni walimbandika kwa sababu akishabana kitu haachii. Nyuma yake alisimama Koplo, msaidizi wake, mwanamume mnene mwenye kikaratasi cha karanga za kukaanga mkononi. Alikuwa anatafuna.

"Unakula hizo, humu ndani?"

"Hizi za nje, afande. Za mama mmoja pale stendi. Anazipepeta mbele ya macho yangu."

Koleo alivuta pumzi mara moja, akajuta. Ghala lilinuka kama chumba kilichofungwa na mtu mgonjwa akasahauliwa ndani.

Wodini kulikuwa na watoto tisa wenye macho ya njano. Wawili wengine walikwishazikwa. Wote walikula chakula kimoja: uji mzito wa karanga wa kwenye pakiti, ule ambao kliniki huwapa watoto waliokonda ili wanenepe. Daktari alisema dalili zote ni za sumukuvu, sumu inayoachwa na ukungu kwenye karanga, ambayo hulila ini taratibu au kwa pupa, kutegemea wingi wake. Pakiti zote kumi na moja zilitoka mkupuo mmoja wa uzalishaji wa kiwanda hiki, ule wa kumi na nne.

Mkupuo wa kumi na tano ulikuwa uani, juu ya lori, katoni mia nane. Ungeondoka saa kumi alasiri kwenda kliniki zilezile. Majibu ya maabara ya serikali yalikuwa ya Jumatatu. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mkuu wa kituo alitaka jalada mezani kwake kabla ya saa kumi, likiwa na jina moja. Jina lenyewe lilikuwa tayari mahabusu tangu juzi: Bibi Bambo, mpokeaji wa mali ghafi, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyeitwa hivyo kwa ajili ya chuma chake, bambo, kile chenye ncha na mfereji ambacho huchomwa kwenye gunia kikatoka na konzi ya kilichomo. Sahihi yake ilikuwa chini ya fomu ya kupokea karanga zilizotengeneza mkupuo wa kumi na nne. Jalada likifungwa kwa jina lake, kiwanda kinafunguliwa, na lori linatoka.

Meneja aliwakuta wakiwa bado mlangoni. Koti lake jeupe lilikuwa na mikunjo ya pasi.

"Nisiwachoshe," alisema. "Tatizo ni lile pale." Alinyoosha kidole darini. Bati lilikuwa na tundu la ukubwa wa sahani, na chini yake ndoo mbili na magunia kadhaa yenye madoa ya maji. "Paa linavuja. Nilimwambia asipange mzigo chini yake, akapanga. Maji yakaingia, ukungu ukaota. Hayo yaliyolowa ndiyo yaliyosagwa kwa mkupuo wa kumi na nne. Ya upande mkavu ndiyo yaliyotengeneza wa kumi na tano. Uzembe wa mtu mmoja."

"Kwa hiyo lori ni salama."

"Salama kabisa."

"Umepima?"

Meneja alirekebisha kola. "Vipimo vya sumukuvu vimeisha tangu mwezi uliopita. Ombi liko kwa afisa ununuzi."

"Koplo," alisema Koleo, "nitafutie ndoo ya maji."

Alichagua gunia moja kutoka upande mkavu, akalilaza sakafuni na kulimwagia ndoo nzima. Kisha akakaa juu ya kreti na kutazama saa. Meneja aliuliza kama anaweza kwenda. Hapana. Dakika kumi na tano zilipita, Koplo akimaliza karanga zake moja moja kwa heshima. Koleo akachukua kisu, akakata mshono wa gunia, akalivua kama mtu anayemvua mtoto shati.

Ndani ya gunia mlikuwa na mfuko wa nailoni nzito, mdomo wake umenyongwa kwa ukanda wa plastiki. Alipitisha kiganja juu ya nailoni: maji. Akakata ukanda, akaingiza mkono ndani: kukavu kama unga.

"Maji yaliingilia wapi, Meneja?"

"Labda mvua ya siku nyingi..."

"Nailoni hii haijui siku nyingi wala chache. Sogea uone."

Alizimwaga karanga sakafuni. Hazikuwa zimelowa, zililia kwa ukavu wake. Lakini zilikuja zikiwa zimeshikana mabonge, na mabonge yamevikwa manyoya ya kijivu na kijani, na utando mwembamba wa vidudu umezifunga kama nywele kwenye tundu la bafu. Vumbi likainuka. Lilikuwa na ladha. Koplo alikunja kikaratasi chake kilichobaki na karanga tatu, akakitia mfukoni, halafu akakitoa mfukoni na kukitupa.

"Hili ni la upande mkavu," Koleo alisema. "Upande uliotengeneza mzigo ulio kwenye lori."

"Gunia moja halithibitishi kitu."

"Kweli. Tuongeze."

Wakakata jingine, na jingine. Magunia ya nje yalikuwa mapya, maandishi ya mzabuni bado yaking'aa wino. Ndani, uchafu uleule. Kwenye gunia la sita kisu cha Koplo kilisimama njiani.

"Yesu na Maria. Afande, kuna kidonda cha mtu humu!"

Kwenye bega la mfuko wa nailoni ilibandikwa plasta, ile ya kawaida ya rangi ya ngozi, ya kufungia kidole. Meneja aliziba mdomo. "Wafungashaji wa huko kwao," alisema kupitia vidole. "Unaona watu tunaofanya nao biashara? Wanachanika, wanadondosha plasta ndani ya chakula."

Kwa dakika moja hata Koleo aliamini hivyo. Kisha akainama karibu zaidi.

Haikuwa imedondoka. Ilikuwa imebandikwa, imenyooka, pembe zake zimekandamizwa kwa dole gumba. Haikuwa na damu. Juu yake kuliandikwa kwa kalamu ya wino: 3/5. Aliibandua polepole. Chini yake palikuwa na tundu la duara ambamo kidole chake kidogo kilipita bila shida.

Alikitazama kidole chake kingine, kile kilichofungwa leso. Akageuza kichwa kuangalia sanduku jeupe ukutani.

"Mzigo huu mliupokea lini?"

Meneja alifungua faili. "Tarehe kumi na nane mwezi wa tano. Magunia mia mbili kumi na mbili."

"Mlipoupokea, mlichoma bambo?"

"Hapana. Huyu yuko kwenye orodha ya wazabuni wanaoaminika. Wa kwenye orodha tunahesabu tu magunia yao. Bibi Bambo alihesabu, akasaini."

"Orodha hiyo anaiandika nani?"

"Afisa ununuzi."

Koleo aliitia plasta ndani ya bahasha ya ushahidi. "Mna chumba cha mizigo mnayoikataa?"

"Kile cha wavu, kule mwisho. Lakini hukuti kitu. Tukikataa, mkandarasi wa taka huja kuchukua, huteketeza, hutuletea cheti. Vyeti viko kwa afisa ununuzi vilevile."

"Vilevile," alirudia Koplo. "Bwana huyu ana kazi nyingi."

*

Wafanyakazi walimwita afisa ununuzi Mtanashati, na hawakumsingizia. Shati lilimkaa, saa ilimkaa, na manukato yake yalisimama mlangoni kumpokea mgeni kabla yake. Ofisini mwake harufu ya ghala haikufika. Alikuwa ameziba chini ya mlango kwa taulo lililokunjwa.

"Karibu, dada. Kiti hicho."

"Mimi si dada yako. Niite Inspekta au usiniite. Nataka vyeti vya uteketezaji, vya mwaka mmoja."

Alivitoa haraka kuliko alivyotarajiwa. Vilikuwa vitatu. Mwezi wa kumi mwaka jana: magunia mia tatu na sita. Mwezi wa pili: mia moja na arobaini. Mwezi wa tano, tarehe saba: mia mbili kumi na mbili. Kila kimoja kilikuwa na muhuri, sahihi, na picha ya rangi ya lundo la magunia likiwaka moto jalalani.

Koleo alikisoma cha tatu mara mbili. Kisha akampa Koplo vyote, akamgeukia Mtanashati.

"Vipimo vya sumukuvu vimeisha."

"Wauzaji wanachelewa. Unajua mambo ya ununuzi."

"Sijui. Nieleze. Kiwanda kinachotengeneza chakula cha watoto wagonjwa kinafanyaje kazi mwezi mzima bila kupima?"

"Inspekta, karanga ni karanga." Aliegemea nyuma. "Zikiwa na ukungu kidogo, zinakaangwa. Moto unaua kila kitu. Ukimaliza kukaanga, zote zinanukia vizuri."

"Moto unaua ukungu. Sumu yake haiungui. Hata mlinzi wenu anajua, imebandikwa ukutani pale kantini."

"Haya." Alinyanyua viganja. "Mimi nasikitika kama wewe. Lakini tuseme ukweli baina yetu. Watoto wale walifika kliniki wakiwa hoi tayari. Mifupa mitupu. Wengine wangekwenda tu."

Koleo aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, polepole, mpaka Mtanashati akaanza kuzungusha saa yake mkononi.

"Afande," Koplo akaita kutoka dirishani. Alikuwa amezipanga picha tatu kwenye kizingiti. "Samahani. Tazama huyu mbwa."

"Mbwa gani?"

"Huyu hapa pembeni ya moto. Amenyanyua mguu anakojolea tairi. Hii ni ya mwezi wa kumi. Sasa hii ya mwezi wa pili. Yupo. Na ya mwezi wa tano, yupo." Koplo alikohoa. "Miezi saba, afande. Hajazeeka, hajahama, na mguu hajaushusha. Nadhani tumpeleke hospitali."

Mtanashati hakucheka. Alisema mkandarasi wa taka labda alichanganya picha, ni watu wa kazi chafu wale, hawana utaratibu.

"Uliuona moto wenyewe hata mara moja?"

"Si kazi yangu kwenda jalalani."

"Naona," alisema Koleo, akitazama viatu safi vya Mtanashati. Akachukua vyeti. "Lori la saa kumi, nani anatia sahihi ya kutoka?"

"Mimi."

"Basi tutaonana."

*

Mahabusu ya wanawake ilikuwa na benchi moja. Bibi Bambo alikuwa ameketi katikati yake, mgongo umenyooka, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri kama mtu anayesubiri kuitwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniuliza au kunisomea mashtaka?"

"Kuuliza."

"Afadhali. Waliokutangulia wote walikuja kunisomea."

Koleo alikaa kando yake, akaitoa bahasha. "Hii ni yako?"

Mwanamke aliipokea, akaisogeza mbali na macho ili aione. Akaguna. "Mwandiko wangu. Sasa mmekuja kunishtaki kwa plasta za kampuni? Haya, nimekula plasta. Mkanda wa kuzibia niliuomba tangu mwaka juzi, ombi likalala mezani kwa yule mvulana wa manukato. Nifanye nini? Gunia nimelifungua, nailoni nimeitoboa kwa bambo. Nikiliacha tundu wazi, mende wanaingia, unyevu unaingia. Naziba. Plasta inashika vizuri, hata kwenye nailoni."

"Na tarehe?"

"Ili kesho nisichome lilelile. Kati ya magunia kumi nachoma moja. Nikirudi bila alama nitachoma moja mara mbili na tisa nisiyaone."

"Hata gunia la kutupwa unaliziba?"

"Mwanangu, nitajuaje ni la kutupwa? Nachoma, naziba, ndipo naipeleka konzi yangu mezani kuitazama. Mkono unaziba kabla jicho halijaamua. Miaka ishirini na miwili."

"Tarehe tatu mwezi wa tano ulichoma mzigo gani?"

Hakufikiri. "Mia mbili kumi na mbili. Ulikuwa umeoza mpaka unatia kichefuchefu. Nilikataa wote. Nilifunga utepe mwekundu kwa mikono yangu, gunia kwa gunia, nikafunga chumba cha wavu. Wiki ile ile wa taka wakaja wakachukua."

"Na tarehe kumi na nane?"

"Mzigo wa mzabuni wa kwenye orodha. Huo haukuchomwa. Nilisaini idadi. Nimewaambia hawa wenzako mpaka sauti imekauka, nilisaini idadi, sikusaini karanga. Hawasikii."

"Idadi yenyewe ilikuwa ngapi?"

"Mia mbili kumi..."

Aliacha hapo. Aliigeuza plasta upande wa nyuma, akaitazama, akaigeuza tena. Koleo alimwacha afike mwenyewe.

"Umeikuta wapi hii?" aliuliza Bibi Bambo. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndani ya gunia la tarehe kumi na nane. Walibadilisha magunia ya nje tu. Nailoni hawakuigusa."

"Mia mbili kumi na mbili zilitoka. Mia mbili kumi na mbili zikarudi." Alifuta viganja kwenye gauni, akavifuta tena. "Nimesimama pale mlangoni na daftari langu. Nimeuhesabu ule uchafu wangu ukirudi, mmoja mmoja, nikauambia karibu."

"Nitakuhitaji ghalani. Nitaandika kwamba nampeleka mtuhumiwa eneo la tukio."

"Andika unavyotaka. Bambo langu liko kabatini, ufunguo anao mlinzi." Alisimama, akapima urefu wa Koleo kwa jicho. "Na hicho kidole umekifanya nini?"

"Mlango wenu."

"Ule mlango," alisema Bibi Bambo kwa chuki ya siku nyingi.

*

Garini, Koleo aliweka spika na kupiga namba ya simu iliyokuwa kwenye fomu ya mzabuni anayeaminika. Iliita mara nyingi. Ikapokelewa na sauti ya kike ya mtu mzima, na nyuma yake mtoto analia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Nani mwenzangu?"

"Natafuta kampuni ya karanga."

"Ya nini?"

"Karanga, mama. Magunia. Nimeambiwa ndiyo namba ya mwenye kampuni."

"Aa, hizo." Aliteremsha sauti, kama mtu asiyetaka kusikiwa akitaja jambo la wakubwa. "Hizo za mkwe wangu. Kampuni ameiandika kwa jina langu, si unajua vijana na mambo yao ya makaratasi. Nilitia dole gumba tu. Mimi karanga hata sizitafuni, meno yamekwisha. Mpigie mwenyewe, yuko kiwandani, ni mkubwa wa kununua vitu. Mume wa binti yangu. Mtoto mtanashati sana yule!"

Koplo aliuma ngumi asicheke.

"Na gari la taka, mama, nalo ni la jina lako?"

"La kaka yake mkwe. Hilo hata hapa uani halilali, nilikataa. Linanuka. Halafu yale magunia wanayoshona upya kwenye banda, panya wamehamia ndani kwangu. Ukimwona mwambie aje ayatoe, mimi naona aibu kumsema, mkwe ni mkwe."

"Nitamwambia, mama."

Koleo alikata simu. Nyuma ya gari Bibi Bambo alikuwa amefumba macho. "Mwambieni dereva akimbie," alisema. "Ni saa kumi kasorobo."

*

Injini ya lori ilikuwa inanguruma. Mtanashati alisimama karibu na mlango wa dereva, hati ya kutokea mkononi, leso puani dhidi ya moshi. Koleo hakupiga kelele. Alipanda ngazi ya lori, akanyoosha mkono kupita kwa dereva, akazima, akaondoka na ufunguo.

"Hii ni hasara ya kampuni!" alisema Mtanashati. "Nani atalipa? Kliniki zinasubiri!"

"Mama mkwe anakusalimu," alisema Koleo. "Anasema ukaondoe panya wako."

Uso wa mtu ule ulibaki palepale, lakini leso ilishuka.

Simu ya Koleo iliita. Alikuwa mkuu wa kituo. Jalada liko wapi? "Linakuja, mzee. Jina limebadilika." Aliiondoa simu sikioni ikiwa bado inazungumza.

Walimwingiza Mtanashati ghalani akiwa kati ya Koplo na mlinzi. Meneja alifuata kwa mbali. Magunia yaliyobaki yalikuwa yamepangwa upande mkavu. Bibi Bambo aliyazunguka mara moja bila kuyagusa. Kisha akavaa glavu, akachukua kisu, akaanza: mshono, gunia chini, nailoni, jicho kwenye bega la mfuko. Hapana. La pili. Hapana. La nne.

"Tatu, mwezi wa tano," alisoma, akabandua, akampa Koplo.

"Plasta inaweza kuwa ya mtu yeyote," alisema Mtanashati. "Hata sasa hivi anaweza kuwa amezibandika mwenyewe."

"Amelala kwetu siku mbili," alisema Koplo. "Labda alibandika kwa maombi."

Vumbi lilipanda, likatua kwenye nyusi, kwenye midomo. Meneja alitoka nje, wakamsikia anatapika kwenye ndoo ya paa linalovuja. Hakuna aliyemfuata. Tatu, mwezi wa tano. Tatu, mwezi wa tano. Koplo alizipanga kwenye karatasi kama stempu. Kwenye gunia la hamsini na moja Bibi Bambo alikata mshono, akalivua gunia, akainama, na safari hii hakusoma kitu.

"Mama?"

"Hii nyingine."

Plasta ilikuwa imezeeka. Rangi ya ngozi ilikuwa imegeuka kahawia, na pembe moja imeliwa na kidudu. Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko ulikuwa uleule. Tisa, mwezi wa kumi.

"Hii si ya mzigo huu," alisema Bibi Bambo. "Hii niliikataa mwaka jana. Hizi zina cheti. Zilishachomwa moto."

Koleo alimgeukia Mtanashati. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia. "La mwaka jana limefikaje katikati ya haya?"

"Moja lilipasuka wakati wa kushona," alijibu Mtanashati upesi, kwa uchovu wa mtu aliyezoea kujibu maswali ya mizigo. "Wakajazia kutoka kwenye ya zamani, ili hesabu..."

Mlinzi wa ghala alimwachia mkono na kurudi nyuma hatua moja, akaupangusa mkono wake kwenye suruali.

"Ili hesabu itimie," Koleo alimalizia. "Umeandika, Koplo?"

"Neno kwa neno, afande."

"Na hayo ya zamani mengine. Yako bandani kwa mama mkwe?"

Mtanashati alitazama chini. Kisha, labda bila kujua, alitazama nje ya mlango, kule lilikosimama lori, mahali ambapo kila wiki lilisimama lori.

Koplo alikuwa ameshakitoa cheti cha mwezi wa kumi, kimoja cha vile vya mbwa. Alisoma idadi kwa sauti kabla hajafikiri. "Mia tatu na sita." Akayatazama magunia. "Hapa lipo moja."

Nje, Meneja alikuwa bado anakohoa.

"Nipatie orodha ya kliniki zote zilizopokea pakiti tangu mwezi wa kumi," alisema Koleo.

"Zote, afande?"

"Zote. Na majina ya watoto, waliopona na wasiopona. Anza leo."

Bibi Bambo alisimama mbele ya gunia lile la mwaka jana. Akalichukua bambo lake, akalichoma kwenye nailoni, palepale chini ya tundu la kwanza, kwa nguvu isiyokuwa ya kazi. Karanga za kijivu zikaanza kumwagika, chache, na vumbi lake. Kwa mazoea mkono wake wa kushoto uliingia mfuko wa gauni, ukatoka na plasta. Ilikuwa imebaki moja. Aliishika juu ya tundu.

Kisha akageuka, akaivua leso yenye damu kwenye kidole cha Koleo, akamfunga plasta ile, akaikandamiza pembe zote nne kwa dole gumba.

"Vumbi hili lisikuingie," alisema.

Tundu aliliacha wazi.